Jicho Linasumbua: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Malalamiko ya macho ni yale yale kila siku: linawasha, linachoma, lina mchanga, limekuwa jekundu, linauma kwa ndani, halitaki mwanga. Kila lalamiko lina chanzo cha kawaida kisicho na madhara makubwa, na mara nyingine lina chanzo cha hatari kinachofanana nacho. Balaa linakuja pale watu wanapoyatibu yote kwa chupa moja ya matone iliyobaki kabatini. Tafuta hapa dalili inayokaribiana na yako, anza na chanzo kinachotokea zaidi, fanya ukaguzi mwepesi kwanza, na pale nilipoandika usimame, usimame kweli.

## Kabla ya kutafuta chanzo

Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, usome maandishi yaliyo mbali kidogo. Kisha funika la pili. Ukaguzi huu ni wa nusu dakika na ndio wenye thamani kuliko mwingine wote, kwa sababu jicho zima humfichia mwenzake. Mtu anaweza kukaa wiki nzima na jicho lisiloona vizuri bila kujua, mpaka siku anapoliziba lile zima kwa bahati.

Baada ya hapo jiulize mawili: je, mwanga wa kawaida unaniumiza? Na je, kero hii iko juu ya jicho, au ni maumivu yanayotoka ndani?

Ninasisitiza hayo kwa sababu wengi huogopa wekundu peke yake. Jicho linaweza kuwa jekundu kama damu na likawa salama kabisa. Jingine likawa na wekundu kidogo tu kuzunguka weusi wa jicho, huku uoni wake ukipotea siku hadi siku. Vinavyopaswa kukuamsha ni uoni kupungua, maumivu ya ndani na kushindwa kuvumilia mwanga.

Acha kusoma na uende hospitali leo ikiwa:

- uoni umepungua ghafla, hata kama hakuna maumivu;
- maumivu ni makali na yanaambatana na kichefuchefu, kutapika, au kuona duara za rangi zikizunguka taa;
- jicho limepigwa, limechomwa, au kipande cha chuma kimerukia humo;
- unavaa lenzi za machoni na jicho ni jekundu na linauma;
- unaona doa jeupe au la kijivu kwenye weusi wa jicho;
- kope zimevimba pamoja na homa, jicho limetokeza, au haliwezi kugeuka kama kawaida;
- ni mtoto mchanga aliye chini ya siku 28, ana tongotongo nyingi na kope zilizovimba.

Kwa kemikali mambo ni tofauti: osha kwanza pale pale ulipo, hospitali ifuate. Maelezo yako chini.

## Linawasha

Kuwasha kunakokufanya utamani kulifikicha jicho, macho yote mawili kwa pamoja, na machozi mepesi au ute unaovutika kama uzi: hapo chanzo kinachoongoza ni mzio. Vumbi, chavua ya mimea, manyoya ya wanyama, ukungu wa kwenye kuta zenye unyevu. Mara nyingi pua nayo inawasha na kupiga chafya. Ikiwa hakuna kuwasha kabisa, tilia shaka wazo la mzio, hata kama jicho ni jekundu na linatoa machozi.

Cha kufanya kwanza ni rahisi. Kanda macho yaliyofumbwa kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, osha uso na nywele ukitoka kwenye vumbi, badilisha foronya mara kwa mara. Matone ya machozi bandia husaidia kuosha kile kinacholeta mzio. Yakishindwa, yapo matone ya kuzuia mzio ambayo mfamasia anaweza kukushauri.

Usilifikiche. Najua ni vigumu, lakini kufikicha kunaongeza kemikali ile ile inayosababisha muwasho, na kufikicha kwa nguvu kwa miaka mingi kunahusishwa na konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, kulegea na kuchongoka mbele, tatizo linaloharibu uoni kwa namna ambayo miwani ya kawaida hairekebishi.

Chanzo cha pili ni kope zenyewe. Tazama mizizi ya nywele za kope kwenye kioo: ukiona magamba kama mba, na muwasho uko kwenye kingo zaidi ya ndani ya jicho, hasa asubuhi, huo ni uvimbe wa kingo za kope. Tiba yake iko kwenye sehemu ya kope.

Cha tatu ni kitu kinachogusa ngozi: wanja, gundi ya kope za bandia, krimu ya uso, rangi ya kucha inayofikishwa machoni na vidole. Hata matone ya macho yenyewe yanaweza kuwa chanzo. Ikiwa muwasho ulianza baada ya kuanza dawa fulani na unazidi kadiri unavyoiweka, mwambie aliyekuandikia.

Mtoto ni suala la pekee. Katika maeneo ya joto kuna mzio mkali wa macho unaowapata watoto, wavulana zaidi kuliko wasichana, ambao hurudi mara kwa mara, hufanya weupe wa jicho uwe wa kahawia kidogo, na huota vinundu chini ya ukope wa juu. Vinundu hivyo vinaweza kuikwaruza konea. Mtoto anayefikicha macho mwezi baada ya mwezi na kukwepa mwanga anahitaji daktari wa macho. Usimnunulie tu chupa nyingine dukani.

## Linachoma, limekauka, kama lina mchanga

Hili ndilo lalamiko ninalotaka kukaa nalo, kwa sababu linawasumbua wengi na linatibiwa vibaya.

Chanzo cha kwanza ni ukavu wa macho, na kinachowachanganya watu ni kwamba jicho kavu mara nyingi linatiririsha machozi. Uso wa jicho ukikosa unyevu mzuri, hisia hufika kwenye tezi za machozi, nazo humwaga maji mengi kwa mara moja. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha kukaa juu ya jicho, yanaporomoka shavuni na jicho linabaki kavu vile vile. Kwa hiyo machozi yanayotoka ukiwa kwenye upepo au ukisoma hayathibitishi kwamba macho yako yana unyevu wa kutosha.

Kagua hivi. Je, hali huwa mbaya jioni, baada ya saa nyingi za skrini, kusoma au kuendesha gari? Je, uoni huingia ukungu kidogo kisha husafika ukipepesa? Je, feni, kiyoyozi au upepo wa dirisha la gari hukupiga usoni? Ndiyo mbili kati ya hizo zinatosha kuanza kushughulikia ukavu.

Tukiwa tumetulia tunapepesa kama mara 15 kwa dakika, pengine zaidi. Tukikodolea skrini, idadi hiyo hushuka sana, na mara nyingi upepesaji wenyewe huwa nusu, kope hazikutani. Ndiyo maana marekebisho ya mwanzo hayahitaji dawa:

Shusha skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho, ili ukope wa juu ufunike sehemu kubwa zaidi ya jicho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20, na katika sekunde hizo fumba macho kabisa mara kadhaa, kope zigusane. Geuza feni isikupulize usoni. Kisha tumia machozi bandia. Ukiyahitaji zaidi ya mara nne hadi sita kwa siku, omba yale yasiyo na dawa ya kuhifadhi, kwa sababu dawa hiyo ikizidi inaukera uso wa jicho na kurudisha tatizo lile lile.

Chanzo cha pili kinashikamana na cha kwanza: tezi za mafuta zilizoko kwenye kingo za kope zimeziba. Bila mafuta hayo machozi hukauka haraka. Dalili yake ni kuchoma zaidi asubuhi, kingo nyekundu, na povu dogo kwenye pembe za jicho. Hapa machozi bandia peke yake hayatoshi. Tiba ni joto kwenye kope.

Cha tatu ni dawa unazomeza. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, baadhi ya dawa za mfadhaiko, dawa kali za chunusi aina ya isotretinoini, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza machozi. Usiziache mwenyewe. Mweleze daktari wako, mara nyingi kuna njia mbadala.

Baada ya hapo tunafika kwenye magonjwa ya mwili. Ukavu wa macho pamoja na mdomo mkavu kiasi cha kushindwa kumeza kitu kikavu bila maji, na maumivu ya viungo, unaweza kutokana na kinga ya mwili kushambulia tezi. Macho yasiyofumba vizuri usingizini, kwa sababu ya kupooza uso au ugonjwa wa tezi ya shingo, nayo hukauka. Hayo yanahitaji vipimo.

Kuna moja linalosahaulika: maumivu makali kama ya kuchanwa, yanayokuamsha au kukupata pale tu unapofumbua macho asubuhi, kisha kupungua baada ya muda. Jiulize kama miezi iliyopita ulikwaruzwa na ukucha wa mtoto, karatasi au tawi. Mkwaruzo wa konea unaweza kupona juu juu huku ngozi yake ikiwa haijashika vizuri chini, na ukope ukainyanyua tena kila unapofumbua. Mafuta mazito ya macho wakati wa kulala husaidia sana, lakini daktari athibitishe kwanza.

## Kitu kimeingia

Usifikiche, hata mara moja. Nawa mikono. Pepesa mara nyingi, acha machozi yafanye kazi. Kisha osha jicho kwa maji safi au ya chumvi ya hospitali, ukiyaacha yatiririke kutoka pembe ya puani kwenda nje.

Bado kipo? Vuta ukope wa chini mbele ya kioo utazame. Usipoona kitu, vuta nywele za ukope wa juu taratibu uushushe juu ya ukope wa chini, uachie. Nywele za chini zinaweza kufagia punje iliyojificha. Punje nyingi hukaa chini ya ukope wa juu, ndiyo maana kila kupepesa kunachoma mahali pale pale.

Kitu kilichokwama kwenye weusi wa jicho usikiguse. Si kwa pamba, si kwa kona ya leso, si kwa ncha ya kiberiti. Konea katikati ina unene wa kama nusu milimita tu. Chembe ya chuma kutoka kwenye grainda huacha duara la kutu ndani ya saa chache, na duara hilo nalo huondolewa na mtaalamu kwa darubini.

Simama kabisa ikiwa ulikuwa unagonga chuma kwa chuma, unatoboa, au unakata majani kwa mashine, na ukahisi kitu kimekupiga jichoni. Kipande kidogo chenye kasi kinaweza kupenya hadi ndani na kuacha tundu lisiloonekana, na jicho likauma kidogo tu. Usilioshe kwa nguvu, usilibonyeze, usilifunge bendeji ya kukaza. Lifunike kwa kitu kigumu kisichoigusa mboni, kama kitako cha kikombe cha karatasi, uende hospitali.

Mchomeleaji ana hesabu nyingine. Maumivu ya mchanga mkali katika macho yote mawili, machozi na kushindwa kufumbua, yanayoanza saa kadhaa baada ya kazi, mara nyingi usiku, ni konea kuunguzwa na mionzi ya moto wa kuchomelea. Kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi mbili kwa dawa za maumivu, giza na machozi bandia. Kama siku ya pili hakuna nafuu, au ni jicho moja tu linalouma, huenda ni chembe ya chuma.

## Kemikali imeingia

Maji, sasa hivi, mengi. Usitafute dawa ya kuizimua, usisubiri gari, usipige simu kwanza. Fungua kope kwa vidole, uweke jicho chini ya bomba linalotiririka taratibu au umwagiwe kwa jagi, kwa dakika 15 hadi 30 mfululizo. Ukiwa na lenzi, itoe huku ukiendelea kuosha. Jicho lililoathirika liwe upande wa chini, ili maji machafu yasiingie kwenye jicho zima.

Watu huogopa asidi kuliko vitu vya jamii ya magadi, ilhali chokaa, saruji mbichi, dawa za kuzibua mabomba na amonia vinaweza kuwa vibaya zaidi, kwa kuwa huendelea kupenya ndani ya jicho baada ya kugusa. Punje za chokaa au saruji zikibaki chini ya ukope zinaendelea kuunguza, kwa hiyo zifagie kwa maji hadi zitoke. Ukienda hospitali, nenda na chupa au picha ya lebo yake.

Na usidanganywe na weupe. Jicho lililounguzwa vibaya linaweza kuonekana jeupe badala ya jekundu, kwa sababu mishipa yake ya damu imekufa.

## Limekuwa jekundu

Ikiwa una wekundu na maumivu ya ndani, au mwanga unakuumiza, ruka hadi sehemu ya maumivu ya ndani. Hapa nazungumzia wekundu wenye kero ndogo na uoni mzuri.

Ugonjwa wa macho mekundu unaosababishwa na virusi ndio unaoongoza. Huanza jicho moja, baada ya siku chache likafuata la pili. Machozi ni ya majimaji, huenda ukawa na mafua au koo, na tezi iliyo mbele ya sikio ikauma ukiigusa. Hauhitaji antibiotiki, na antibiotiki haziuharakishi kupona. Unaisha wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja hadi mbili. Kazi yako ni kutowaambukiza wengine: taulo yako peke yako, mto wako peke yako, mikono inawe kila unapogusa uso, na chupa ya matone isichangiwe na mtu.

Wa bakteria hutoa usaha mzito wa njano au kijani unaogandisha kope asubuhi na kujaa tena mchana baada ya kufutwa. Safisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja kwa jicho moja. Wengi hupona hata bila dawa, lakini antibiotiki ya macho iliyoandikwa na mhudumu hufupisha muda. Usaha mwingi kupita kiasi unaojaa tena dakika chache baada ya kufuta ni dharura, kwa mtu mzima na kwa mtoto. Unaweza kuwa wa kisonono, ambao hutoboa konea kwa muda mfupi. Kwa mtoto mchanga usijaribu chochote nyumbani. Anahitaji tiba ya hospitali, na wazazi nao watibiwe.

Doa la damu nyekundu iliyoiva, lenye mpaka ulio wazi, lisilouma na lisilogusa uoni, ni mshipa mdogo uliopasuka kwa kukohoa, kutapika, kubeba mzigo au kufikicha. Linatisha ukilitazama, lakini hufutika lenyewe kwa wiki moja hadi tatu. Likirudi mara kwa mara, pima shinikizo la damu, na mweleze daktari kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Likitokea baada ya kipigo, nenda ukapimwe.

## Unavaa lenzi

Nimeiweka peke yake kwa makusudi. Mvaaji lenzi mwenye jicho jekundu linalouma hana ruhusa ya kusubiri kesho kutwa. Bakteria wanaopenda lenzi wanaweza kuila konea ndani ya siku moja au mbili, na kuna amiba anayeishi kwenye maji ya bomba na ya bwawa anayeleta maumivu makubwa kuliko yanavyoonekana kwa nje.

Itoe lenzi mara moja. Usiivae tena wala usiitupe: iweke kwenye kikasha chake, uende navyo vyote, kwa sababu maabara inaweza kuotesha vimelea kutoka humo. Usitumie matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Lenzi zisioshwe kwa maji ya bomba wala mate, zisilaliwe, na zitolewe kabla ya kuogelea au kuoga.

## Maumivu ya ndani na mwanga usiovumilika

Kwa dalili hizi tiba ya nyumbani haina nafasi kubwa. Vyanzo nakueleza ili ujue haraka ya kwenda.

Kinachoonekana zaidi ni konea iliyojeruhiwa: mkwaruzo au kidonda. Jicho linafumba lenyewe, machozi yanamwagika, na kila kupepesa ni adhabu. Kidonda hasa kinachofuata jeraha la jani, jiti au kitu cha shambani kinaweza kuwa cha fangasi, na hapo matone ya steroidi ni kama petroli kwenye moto. Kidonda cha virusi vya malengelenge nacho huzidi kwa steroidi.

Uvimbe wa ndani ya jicho huja na maumivu ya kugonga, wekundu kuzunguka weusi wa jicho, na mwanga kuumiza. Alama moja ya kuujua: ukimulika jicho zima, lile bovu linauma, kwa sababu mboni zote mbili hujikunja pamoja. Hapa daktari ndiye hutoa steroidi na ndiyo inayookoa jicho, lakini baada ya kutazama kwa darubini na kuhakikisha hakuna kidonda. Dawa ile ile ni mwokozi kwa ugonjwa mmoja na mharibifu kwa mwingine, na macho mawili hayo yanaweza kufanana kabisa mbele ya kioo cha bafuni.

Presha ya jicho ya ghafla hutokea maji ya ndani ya jicho yanapozibiwa njia. Shinikizo la kawaida ni kama 10 hadi 21 katika milimita za zebaki. Siku hiyo hupanda kupita 40. Mtu huumwa jicho na nusu ya kichwa, hutapika, huona ukungu na duara za rangi kuzunguka taa, na mboni hubaki wazi nusu bila kujikunja kwenye mwanga. Mara nyingi huanza jioni au gizani, na wengine huishia kutibiwa tumbo kwa sababu ya kutapika. Ni suala la saa. Niongeze jambo ambalo natamani kila mtu alijue: presha ya jicho iliyozoeleka zaidi haiumi hata kidogo, inakula uoni kimya kimya kutoka pembeni. Kutoumwa hakumaanishi huna, hasa kama mzazi au ndugu yako anayo. Pimwa.

Vingine hutokea mara chache:

- Maumivu ukiligeuza jicho, uoni ukapungua kwa siku kadhaa, na rangi nyekundu ikaonekana imefifia: mshipa wa fahamu wa jicho umevimba.
- Maumivu mazito yanayokuamsha usiku, weupe wa jicho ukawa wa zambarau, hasa kwa mwenye baridi yabisi: weupe wenyewe umevimba.
- Vipele vya mkanda wa jeshi kwenye paji la uso, hasa vikifika ncha ya pua: jicho liko hatarini. Dawa za virusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72.
- Umri zaidi ya miaka 50, maumivu mapya ya kichwa upande wa paji, ngozi ya kichwa inauma ukichana nywele, taya linachoka ukitafuna: mishipa ya damu ya kichwa imevimba na inaweza kupofusha jicho moja kisha la pili. Hospitali leo.
- Mwanga unaumiza macho meupe yasiyo na tatizo: fikiria kipanda uso. Lakini pamoja na homa na shingo kukakamaa, ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vingine.

## Kope zinauma au zimevimba

Kijipu chekundu chenye ncha kwenye kingo ni chokea. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, yasiyounguza ngozi, dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku, kisha sugua ukope kwa upole kuelekea kwenye nywele zake. Usikikamue. Uvimbe mgumu usiouma unaobaki baadaye ni tezi ya mafuta iliyoziba. Unahitaji joto hilo hilo kwa wiki kadhaa, na ukikaa miezi hukatwa kwa upasuaji mdogo. Uvimbe unaorudi mahali pale pale kwa mtu mzima uchunguzwe, kwani mara chache huwa saratani.

Magamba kwenye kingo: joto kama hilo, kisha safisha mizizi ya nywele kwa pamba na shampuu ya watoto iliyozimuliwa. Kila siku, kwa muda mrefu. Tatizo hili haliponi moja kwa moja, linatulizwa.

Nywele za kope zinazoelekea ndani hukwaruza konea kila unapopepesa. Chanzo kimoja kikubwa ni vikope, yaani trakoma, ambayo maambukizi yake yanayojirudia tangu utotoni huacha makovu yanayoukunja ukope. Kuzing'oa nywele kunatuliza kwa wiki chache tu, tena zikiota upya huwa ngumu na fupi. Upasuaji mdogo wa ukope ndio suluhisho.

## Uchovu, machozi, kuchezacheza

Kichwa kinachouma juu ya nyusi baada ya kusoma, na kufika jioni huku macho yamechoka, mara nyingi ni miwani: huna, au imepitwa. Kuanzia kama miaka 40 lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu na maandishi ya karibu hukimbia. Pimwa macho.

Machozi ya jicho moja kwa mtoto mchanga, bila wekundu, kwa kawaida ni njia ya machozi ambayo haijafunguka. Nyingi hufunguka zenyewe kabla ya mwaka mmoja. Lakini mtoto mwenye jicho kubwa lisilo la kawaida, konea yenye ukungu na anayekwepa mwanga apelekwe upesi, hiyo inaweza kuwa presha ya jicho ya kuzaliwa.

Ukope unaochezacheza husababishwa na uchovu, kukosa usingizi na kahawa nyingi. Ukidumu zaidi ya wiki chache, au nusu ya uso nayo ikianza kucheza, onana na daktari.

Vidoa vinavyoelea ambavyo umevizoea si kitu. Vikimwagika vingi kwa ghafla, ukaona mimweko, au pazia likashuka upande mmoja, retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kuwa inabanduka. Haiumi, ndiyo maana watu huchelewa.

## Kuhusu matone, na ukienda kliniki

Chupa iliyofunguliwa ina maisha ya wiki nne hivi, isipokuwa maelekezo yake yaseme vingine. Matone ya kufanya macho meupe hubana mishipa kwa muda, kisha wekundu hurudi zaidi. Ya steroidi yakitumiwa bila usimamizi hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ya ganzi, hata kama yalikutuliza kliniki, hayapelekwi nyumbani: konea isiyohisi maumivu haiponi, inayeyuka. Na mkojo, maziwa ya mama au maji ya majani visitiwe jichoni kamwe, kwa kuwa huingiza vimelea kwenye kidonda kilicho wazi.

Nenda na kila dawa uliyoitumia, hata ile unayoona aibu kuitaja, pamoja na miwani au lenzi zako. Sema ni jicho lipi lilianza, siku gani, ulikuwa unafanya nini, na ukifunika moja unaona nini kwa jingine. Wakikutia matone ya kupanua mboni, maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu na jua litakuchoma kwa saa kadhaa, kwa hiyo mtu mwingine aendeshe gari la kurudi.